Kumbukumbu na Hifadhi

Masika ya mwaka juzi kompyuta yangu ilikufa usiku, ikafa na beti 63 za mama yangu.

Sikujua kuwa imekufa. Asubuhi niliiwasha kama ilivyo desturi yangu baada ya sala ya alfajiri na kikombe cha chai ya tangawizi. Kioo kikabaki cheusi, na kutoka tumboni mwake ukasikika mlio mdogo wa kugonga, ta, ta, ta, mfano wa mtu abishaye hodi katika nyumba asiyo na hakika kama ina wenyewe. Fundi wa hapa Tanga aliifungua, akaitegea sikio, akasema, "Mwalimu, diski imekwenda." Nikamwuliza kama vilivyomo vinaweza kutolewa. Akanijibu kwamba wako watu Dar es Salaam wafanyao kazi hiyo, akanitajia gharama. Ilizidi bei niliyoinunulia kompyuta yenyewe, na hata hivyo hapakuwa na ahadi kwamba kitu kitapatikana. Nikarudi nyumbani na maiti mkobani.

Mama yangu ana umri wa miaka 88. Ni mzaliwa wa Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, katika pwani ya Mtang'ata, na tangu ujana wake alijulikana kuwa mtunzi. Shule hakupelekwa, alisoma chuoni, kwa maalimu, akajua kusoma Kurani. Mashairi yake hakuyaandika. Aliyatunga akisuka ukili, akipalilia muhogo, akimbembeleza mtoto, na kila ubeti ulipotimia aliurudia moyoni mpaka ukakaa. Nami, niliyehitimu Chuo cha Ualimu Korogwe, nikafundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 34, nikiwachorea wanafunzi ubaoni mizani na vina vya watunzi wa mbali, sikupata kuandika hata mshororo mmoja wa mama yangu mwenyewe mpaka nilipostaafu. Ndipo tukaanza. Jioni yeye alisema, mimi nikapiga chapa moja kwa moja katika kompyuta, kwa kuwa niliyaona madaftari kuwa mambo ya zamani.

Siku tulipofikisha beti 63 nilimwambia kwa furaha, "Mama, sasa pumzika. Yote yamo humu."

Nilipompa habari ya msiba ule alinyamaza kitambo, akitazama ua. Kisha akasema bila ya hasira, "Uliniambia yamo humo. Basi nami nikayatua."

Neno hilo lilinikaa rohoni kuliko lawama yoyote. Mtu aliyebeba mtungi kichwani kwa mwendo mrefu, akaambiwa amefika, huutua. Mama aliyabeba mashairi yale kwa miaka 60 na zaidi, akiyarudiarudia yasimponyoke. Mimi nikamwambia amefika. Tulianza upya. Kwa miezi mitatu tulikaa barazani kila baada ya magharibi, zikarudi beti 41. Nyingine zilirudi nusunusu: ukwapi upo, utao umekwenda, au kituo kimesalia peke yake kama mlango uliosimama na nyumba imeanguka. Juu ya zile 22 zilizobaki aliniambia, "Hizo zimekwenda na maji, usizifuate."

Safari hii niliandika kwa kalamu, katika daftari. Lakini daftari nalo lina maadui: mchwa, unyevu wa pwani, na wajukuu watafutao karatasi ya kutengenezea tiara. Tena nilitaka kuyapanga mashairi, kuyatafuta kwa neno, kuyasahihisha bila ya kukwangua, na siku moja kuyatoa kitabuni. Ilinilazimu kununua kompyuta nyingine. Nikaazimia kuichagua kwa makini, maana ile ya kwanza niliinunua kwa sababu moja tu: rangi yake ilinipendeza.

Kiinua mgongo kilikwisha zamani. Kilimalizia nyumba, kikalipa ada. Pensheni ya kila mwezi nayo huwa ina wenyewe kabla haijaniingia mkononi. Niliweka shilingi 80,000 kila mwezi kwa miezi 9, nikapata 720,000. Hiyo ilikuwa fedha ya kila kitu, na nauli imo humo humo.

Nikampigia simu mpwa wangu, mtoto wa kaka yangu, ambaye anasomea mambo ya kompyuta Dar es Salaam. Nilitaraji anitajie jina la kompyuta, nami niandike, nikanunue. Badala yake akaniuliza, "Shangazi, unataka kuifanyia kazi gani?" Nikacheka peke yangu. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia wanafunzi wa insha kwa miaka yote ile: kabla hujachagua neno, jua unataka kusema nini. Nikamtajia: kupiga chapa mashairi, kusoma vitabu na majarida, barua pepe, na kuhifadhi sauti ya bibi yake akighani. Sichezi michezo, sihariri filamu. Akasema, "Basi kazi yako ni nyepesi. Usilipie nguvu usiyoitumia. Lipia uimara, kibodi na kioo." Kisha akaniandikia ujumbe mfupi: kichakata kizazi cha nane au zaidi, kumbukumbu gigabaiti 8, hifadhi ya diski mango gigabaiti 256.

Mimi ni mtu wa lugha. Nikipewa orodha ya vitu, huanza kutazama maneno. Nililitazama kwanza jina la kitu chenyewe. Sisi wa Tanzania wengi wetu husema kompyuta mpakato, na ndugu zetu wa Kenya wakasema kipakatalishi. Majina yote mawili yametoka katika kitenzi kimoja, kupakata, yaani kumweka mtoto mapajani na kumzungushia mikono. Waliobuni majina hayo walifikiria mapaja ya mfanyakazi wa ofisini. Mimi nilimfikiria mama yangu, aliyenipakata huku akitunga.

Lakini maneno yaliyonisimamisha ni yale mawili, kumbukumbu na hifadhi. Nilidhani ni kitu kimoja chenye majina mawili, nikamwuliza mpwa wangu kwa nini kimoja kihesabiwe gigabaiti 8 na kingine 256. Akanieleza kwa subira. Kumbukumbu ya kompyuta ni mahali inapoweka kile inachokishughulikia wakati ule tu: ukurasa uliofunguliwa, ubeti unaoupiga chapa. Ni mfano wa meza ya mwalimu. Meza ikiwa ndogo, madaftari hugongana na kazi huchelewa. Ikiwa pana, kazi huenda. Ila umeme unapozimwa, meza hiyo hufagiliwa yote, lisibaki hata neno. Hifadhi ndiyo kabati: ulichokiweka humo utakikuta kesho.

Nikakaa na jambo hilo siku nzima. Katika Kiswahili chetu, kumbukumbu ni kile kisichosahauliwa. Tunazo kumbukumbu za mikutano, tunazo siku za kumbukumbu. Kumbe ndani ya kompyuta kitu tulichokiita kumbukumbu ndicho kisahaulifu kuliko vyote! Na hifadhi je? Neno hili tulilipata kwa Waarabu, nasi tunalitumia kwa kuweka kitu salama. Lakini kwa watu wa chuoni kuhifadhi ni kukiweka kitu moyoni neno kwa neno. Aliyehifadhi Kurani haisomi kwa kutazama. Mama yangu alihifadhi mashairi yake kwa maana hiyo ya pili, mimi nikayahifadhi kwa maana ya kwanza, na kosa langu lilikuwa kudhani kwamba maana ya kwanza yaweza kushika mahali pa ya pili.

Mwezi wa Januari nikapanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam. Siku ya pili mpwa wangu akanipeleka Kariakoo, tukaingia katika maduka yaliyojaa kompyuta zilizopangwa kama matofali.

Katika duka la kwanza kijana aliniamkia kwa adabu, "Shikamoo, mama," nami nikamwitikia marahaba. Akanionyesha kompyuta mpya, ingali na karatasi zake za plastiki, nyepesi, ya rangi ya fedha, kwa shilingi 650,000. Nakiri kwamba moyo wangu ulikwenda. Mtu wa umri wangu aliyezoea kununua vilivyotumika huona fahari kuwa wa kwanza kukigusa kitu. Mpwa wangu akasoma kibandiko: kumbukumbu gigabaiti 4, hifadhi gigabaiti 64. Akaninong'oneza kuwa hicho ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 hukubali, na kwamba katika kompyuta ile hifadhi imeshikizwa ubaoni, haiongezwi wala haibadilishwi. "Shangazi, hii ni mpya lakini imezaliwa imechoka." Tukashukuru, tukatoka.

Katika duka la pili mwenye duka alituletea iliyotumika, akasema, "Mama, hii ni Core i7. Ni moto wa kuotea mbali!" Bei ilikuwa 480,000. Kwa akili yangu, saba ni zaidi ya tano, basi i7 ni bora kuliko i5. Hapo nikafundishwa kusoma kama nilivyofundisha wengine kusoma. Kichakata kina jina refu, na watu wengi huishia kwenye herufi za kwanza. Tazama tarakimu zinazofuata baada ya kistari: i7-4600U ni ya kizazi cha nne, kilichoanza mwaka 2013, i5-8350U ni ya kizazi cha nane, kilichoanza 2017. Katika kompyuta za Intel, Windows 11 kwa kawaida huanzia kizazi cha nane, na Windows 10 iliacha kupewa huduma ya kawaida ya marekebisho tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo ile i7 ilikuwa na ukoo mkubwa, lakini njia yake ya mbele ilikuwa imefungwa. Mtu angeweza kuipa uhai kwa kuiwekea mfumo wa Linux, ambao ni wa bure, na kijana mwenye ari angefanya hivyo. Mimi nilitaka kitu nitakachokiwasha na kuandika.

Duka la tatu liliuza zile zilizotumika maofisini Ulaya na Marekani. Mpwa wangu alizipenda, kwa kuwa kompyuta zilizoundwa kwa ajili ya maofisi huwa na kibodi nzuri na bawaba ngumu, na hufunguka kwa bisibisi, hata betri, kumbukumbu na diski zikabadilishwa. Akaniambia, "Sasa Shangazi, zamu yako. Jaribu kibodi."

Nilijifunza kupiga taipu ujanani, kwa vidole kumi, bila ya kutazama, kwa katibu muhtasi wa shule yangu ya kwanza. Nilikuwa nimejitayarishia sentensi tangu nyumbani, yenye kila herufi itumiwayo na Kiswahili pamoja na ile alama ya ng' isiyosahaulika ila na wasiojua lugha: "Ng'ombe wa jirani zetu hupiga chafya, kisha hulala vichakani daima." Katika kompyuta ya kwanza niliyoletewa nikaanza kupiga, macho yangu yakiwa juu ya mpwa wangu, naye akaangua kicheko. Kiooni palikuwa pameandikwa "Ngùo,be zq jirqni wetu". Mashine ilitoka Ufaransa, na huko a na q hubadilishana mahali, z na w vivyo hivyo, na m huhamia kwingine kabisa. Mipangilio inaweza kubadilishwa, lakini herufi zilizochapwa juu ya vitufe zingeendelea kusema uongo. Jambo lililonichekesha zaidi ni kwamba "zetu" iligeuka "wetu", neno halali la Kiswahili! Kosa la namna hiyo ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa hakuna mstari mwekundu utakaolionyesha.

Ya pili ilikuwa na kibodi njema, lakini kitufe cha y kilikuwa kigumu. Mtunzi wa Kiswahili bila ya y ataandikaje yeye, yangu, yote, nyota, nyumba? Tukairudisha.

Ya tatu ilikuwa Dell Latitude 5490, ya inchi 14, nyeusi, isiyo na urembo wowote, uzito wake kilo moja na nusu na ushei. Ng'ombe wa jirani zetu alipita humo salama, akapiga chafya, akalala. Kichakata chake kilikuwa ile i5-8350U, kumbukumbu gigabaiti 8, hifadhi ya diski mango gigabaiti 256. Diski ya kompyuta yangu ya zamani ilikuwa ya visahani vinavyozunguka na sindano inayosoma juu yake, na mlio ule wa hodi ulikuwa wa sindano iliyopotea njia. Diski mango haina kinachozunguka, haidhuriki upesi kwa mtikisiko, na huiwasha kompyuta kwa haraka. Mpwa wangu akaniongezea la tahadhari: "Nayo hufa, Shangazi. Tena ikifa, aghalabu haibishi hodi."

Tukakagua mengine. Kioo hakikuwa cha kumetameta, kwa hiyo sikujiona uso wangu ndani yake, na maandishi yake yalikuwa laini kwa macho yangu yenye miwani. Kilikuwa na nukta 1920 kwa 1080, zaidi ya zile 1366 kwa 768 nilizozoea. Tukaizima na kuiwasha tuone kama haikufungwa kwa nenosiri la ofisi ilikotoka. Tukajaribu matundu yote, kamera, spika na maikrofoni, maana sauti ya mama ilikuwa mojawapo ya kazi zake. Betri haina kibandiko cha umri, lakini Windows ina amri, powercfg /batteryreport, inayotoa ripoti ya betri: ilipozaliwa iliweza kubeba umeme kiasi gani, na sasa inabeba kiasi gani. Ile ya kitufe kigumu ilikuwa haifikishi nusu. Hii ilikuwa imebakiwa na robo tatu na kidogo, na hapa kwetu, umeme unapokatika, tofauti hiyo ni ubeti mzima.

Muuzaji alisema 640,000. Nikamwambia kwamba mimi ni mwalimu mstaafu na kwamba fedha hii nimeiweka miezi 9. Akatabasamu, "Mama, walimu ndio waliotufikisha hapa." Tukamalizana kwa 590,000, pamoja na risiti na dhamana ya miezi mitatu iliyoandikwa juu ya risiti hiyo. Jambo la kuandikwa nalisisitiza. Dhamana ya mdomo huisha mara ukivuka barabara.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: kompyuta 590,000, flashi mbili 40,000, kipanya 12,000, nauli ya kwenda na kurudi 44,000. Jumla 686,000. Zikabaki 34,000, nami nilikuwa na kazi nazo.

Nyumbani nilipakua LibreOffice, programu ya kuandikia isiyolipiwa. Ina undugu na historia yetu: imetokana na OpenOffice, ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliisemesha Kiswahili mwaka 2004, wakaiita Jambo OpenOffice. Ukiichagulia lugha ya Kiswahili hukagua tahajia yetu, na ule msitu wa mistari myekundu chini ya kila neno hupungua. Haukwishi, na ni vyema usiishe. Mama yangu hutumia maneno ya watunzi wa kale, husema ndia kwa njia na nti kwa nchi. Kila mara mstari mwekundu ulipotokea chini ya neno lake, niliiamuru programu iliongeze neno hilo kwenye kamusi. Nilipofika ubeti wa 41 nilitazama orodha ya maneno niliyoyaongeza, nikaona ni kamusi ndogo ya mtu mmoja, mzaliwa wa Tongoni, ambayo hapana mtu mwingine aliyeiandika.

Kisha nikageukia lile nililolipuuza mara ya kwanza. Kila jioni baada ya kuandika huweka nakala katika flashi iliyo mezani. Kila Ijumaa nabadilishana flashi na mdogo wangu akaaye Ngamiani, ili moto au mwizi akiingia nyumba moja asizipate zote mbili. Na zile shilingi 34,000 nilizipeleka kwa mchapaji: beti zote 41 katika karatasi, zikafungwa kwa jalada gumu, nakala mbili. Moja ni ya mama, ingawa hasomi herufi hizi. Huishika tu.

Kwa mtunzi mwenzangu mwenye laki sita au saba mfukoni, haya ndiyo niliyojifunza. Usiweke fedha yote katika mashine. Tenga sehemu ya nakala kabla hujaingia dukani, kwa kuwa ukishatoka hutaitenga. Ukilazimika kuchagua kati ya mpya dhaifu na iliyotumika yenye nguvu, chukua iliyotumika, lakini uikague kwa vidole vyako mwenyewe. Mshairi hutunza macho na mikono yake. Kwa hiyo kibodi na kioo ndivyo vya kwanza, vingine vyote hufuata.

Nawakumbusha pia kwamba hatari hii haikuletwa na kompyuta. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata mwaka 1840. Mengi ya mashairi yake tunayo leo kwa sababu watu waliyabeba vifuani, na kwa sababu baadaye sana Mwalimu Sikujua aliyakusanya pamoja na Mwingereza William Taylor; diwani yenyewe ikachapwa mwaka 1940, miaka 100 baada ya mwenyewe kuondoka. Kama vifua vile vingeambiwa vipumzike kabla karatasi haijawa tayari, tungekuwa na jina la Muyaka bila ya sauti yake.

Nilipomaliza kazi hiyo nilitunga ubeti, kama kawaida ya mtu aliyefanikiwa kwa bei nafuu:

Chombo nimekinunua, si kwa sura wala rangi,
Jicho nimelitumia, nikapima mambo mengi,
Mkono ukaridhia, pasipo gharama nyingi,
Neno halitapotea, nakala zikiwa tatu.

Nikamsomea mama. Alisikiliza akiwa amefumba macho, akihesabu kwa vidole juu ya goti, kisha akasema, "Mizani imetimia. Vina vimetimia. Ila hamna fumbo. Kila kitu umekitaja." Nimefundisha arudhi miaka 34, na sikuwa na jibu.

Akanyamaza, akakigeuza kitabu chake mapajani, amekipakata. Nikamweleza habari ya flashi, ya Ngamiani, ya jalada gumu; nikamwambia kwamba safari hii hata mashine ikifa mashairi hayafi. Aliniitikia kwa kichwa kama mtu aridhikaye na maelezo ya mtoto wake. Halafu akamwita mjukuu wangu, binti wa miaka 9, akamketisha mkekani, akaanza kumsomesha ubeti wa kwanza, mshororo kwa mshororo, mtoto akifuatiza.

"Mama," nikasema, "si nimekwambia yamo?"

"Yamo," akanijibu. "Lakini safari hii situi mpaka nimwone wa kunipokea."

Juzi, katikati ya ubeti wa 12, mtoto alipokosea kina, mama alimsahihisha kwa haraka, na katika kumsahihisha likamponyoka kinywani shairi jingine, beti mbili zilizotimia, miongoni mwa zile 22 zilizokwenda na maji. Nilikimbilia ndani kuiwasha kompyuta. Iliwaka kabla sijakaa vizuri. Sasa tunazo 43.